Shauri, Ushauri na Moyo wa Mwanamke: Lugha ya Tiba ya Nafsi Katika Nyanda za Embu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi uchungu wa moyo wa mwanamke ulivyotajwa, na jinsi ulivyokosa kutajwa, katika historia ya tiba ya akili nchini Kenya. Tunaitazama historia hiyo kutoka Kanja na viunga vyake, huko Embu, penye mashamba ya chai na kahawa chini ya misitu ya Mlima Kenya. Mwanamke wa huko huzungumza Kiembu nyumbani, hutumia Kiswahili sokoni na ofisini, na maelezo ya ugonjwa wake hospitalini huandikwa kwa Kiingereza. Swali letu ni hili: katika safari hiyo ya lugha tatu, uchungu wake hupotelea wapi? Tutajaribu kuonyesha kwamba ushauri unaolingana na utamaduni hauanzi kwa kutundika vibuyu na ngozi kwenye kuta za zahanati, bali huanza kwa neno.

Uchungu uliokanwa

Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910 ikiwa makao ya wale walioitwa wenda wazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea tiba ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo, tena akashikilia kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwake. Yafaa tuulize ushahidi huo ulitoka wapi. Aghalabu waliofikishwa Mathari ni wale waliovuruga amani machoni pa watu. Mwanamke aliyelia usiku na kurauka alfajiri kwenda shambani hakuwamo katika hesabu, na kwa kuwa hakuhesabiwa, ilisemekana hayupo.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwaka 1954 Carothers huyo huyo aliandikia serikali ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau. Mwaka huo Waembu, Wagikuyu na Wameru walianza kuhamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na wanawake ndio waliolazimishwa kuchimba mahandaki kandokando ya msitu. Wanawake wapatao 8,000 walitiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, wengi wao katika gereza la Kamiti, na baadhi ya waliokataa kusalimu amri walipelekwa baadaye katika kambi ya Gitamayu. Katherine Bruce-Lockhart, katika uchunguzi alioutoa mwaka 2014, ameonyesha jinsi wakubwa wa serikali walivyotumia dai la wazimu dhidi ya wanawake hao ili kufunika mateso waliyotendewa. Hapa pana jambo la kutafakari: tiba iliyomnyima mwanamke huzuni haikusita kumpa wazimu alipokataa kutii.

Dai la Carothers halikudumu. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji viwili vya Uganda na kulinganishwa na hali ya wanawake wa Camberwell, London. Ilidhihirika kwamba ugonjwa wa huzuni ulikuwa mwingi zaidi vijijini Uganda. Kilichobadilika si akili ya Mwafrika. Safari hii mchunguzi aliwafuata watu majumbani mwao, akawauliza kwa lugha yao.

Maneno na mizigo yake

Tukirejea katika Kiswahili, tunaona kwamba maneno ya kale ya maradhi ya akili huelekeza macho nje ya mgonjwa. Wazimu lina mnasaba na mzimu. Majinuni, kutoka Kiarabu, ni mtu aliyeshikwa na jini. Mwenye pepo hutolewa au hutulizwa pepo wake. Maneno haya yana hekima yake, maana huita jamaa na majirani wakusanyike. Lakini humtaja yule ambaye mambo yake yamekwisha kuonekana. Hayamtaji anayechuma chai huku moyo wake umezama.

Neno shauri lina historia nzito zaidi. Pwani, kufanya shauri ni kuketi pamoja na kutafuta rai. Katika utawala wa kikoloni shauri likawa pia kesi iliyopelekwa mbele ya chifu au Bwana Disii, aliyesikiliza, akaamua, na watu wakaondoka na amri. Miaka ya 2000 ilipoanza, vituo vya kupima ukimwi vilienea nchini Kenya, na ushauri nasaha ukaja kufungamana masikioni mwa wengi na majibu ya damu. Basi mama anapoambiwa aende kupata ushauri, huenda akasikia hukumu, maagizo au ukimwi, kabla hajasikia kwamba yuko mtu wa kumsikiliza.

Istilahi mpya nazo hazina budi kupimwa. Unyogovu humwelekeza msikilizaji kwenye ulegevu wa mwili, na mwanamke ambaye ameitwa mvivu na wakwe zake hahitaji daktari amwongezee. Msongo wa mawazo hueleweka upesi, ila huweka taabu yote kichwani. Sonona, linalotumika Tanzania, limetokana na kitenzi cha kuumia moyoni, na kwa hiyo liko karibu zaidi na mama wa Kanja, ambaye katika lugha yake uchungu hukaa katika ngoro, yaani moyo.

Mifano ya majirani

Uganda ilitoa somo jingine. Katika jaribio la tiba ya vikundi lililochapishwa mwaka 2003, watafiti hawakuanza na istilahi za vitabuni, bali waliwauliza wanavijiji wenyewe wanayaitaje mateso yao. Miongoni mwa majibu lilikuwa okwekyawa, yaani kujichukia. Vikundi vya wanawake vikakutana peke yao, na hali zao zikapata nafuu kubwa.

Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na ajuza 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Mwanzoni benchi lao liliitwa benchi la afya ya akili, watu wakalikwepa. Ajuza wenyewe ndio walioshauri liitwe benchi la urafiki, na ugonjwa wakauita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Jina lilipobadilika, watu wakaja.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila kilicho cha jadi ni dawa. Mwanamke anayepigwa nyumbani huambiwa mvumilivu hula mbivu, na methali hiyo huwa kufuli. Lakini lugha hiyo hiyo ina methali nyingine: siri ya mtungi aijuaye kata. Mshauri mwenye kujua utamaduni ni yule ajuaye pia ni methali ipi ya kuiweka kando.

Hitimisho

Sheria zimeanza kusogea. Mwaka 2014 Kenya ilipitisha sheria ya kusimamia washauri na wanasaikolojia. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ya 1989 ikarekebishwa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuadhibu jaribio la kujiua kunapingana na Katiba. Kabla ya uamuzi huo, mwanamke aliyemfungulia mshauri moyo wake kuhusu jambo hilo alikuwa akikiri kosa la jinai, na shauri lilikuwa limerudi kuwa kesi.

Kazi iliyobaki ni yetu sisi wanalugha. Istilahi za tiba ya nafsi zisitungwe mezani Nairobi au Dar es Salaam na kuteremshwa Kanja. Zikusanywe kwanza kwa akina mama wenyewe, katika Kiembu na Kimeru, ndipo Kiswahili kitafute maneno ya kuzipokea bila kuzipunguza. Carothers alikuwa na hospitali nzima, na hakuusikia uchungu huo. Asiyekuwa na neno la kuulizia hapati jibu, na kwa mgonjwa wa aina hii jibu lililokosekana laweza kuwa uhai wake.