Si Kila Tundu la Kuzibwa



Wengi wetu tulikotoka, boila ilikuwa ya garimoshi au ya kiwandani, si ya nyumbani. Ndiyo maana majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Etobicoke, mwenyeji wangu aliniita chini ya nyumba, kizibo cha shaba mkononi. Bomba la boila lilikuwa likidondosha maji.

“Mdogo wangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.”

“Kaka, huo si ufa,” nikamjibu. “Hiyo ni vali ya usalama.”

Vali hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin alionyesha mjini London chungu cha kulainisha mifupa kwa mvuke uliofungiwa. Baadaye alikiwekea kifuniko kidogo kilichokandamizwa kwa uzito. Mvuke ukizidi nguvu, ulikiinua na kutoka. Kanuni ni ileile hadi leo, ila springi imechukua nafasi ya uzito.

Lakini kifaa hakimwokoi anayekifunga. Tarehe 17 Juni 1831, huko South Carolina, Marekani, mchochea moto wa garimoshi Best Friend of Charleston alichoshwa na kelele za mvuke, akaifunga vali. Boila ililipuka, naye akafa kwa majeraha. Mwaka 1905 boila ya kiwanda cha viatu cha Grover, Brockton, Massachusetts, ililipuka na kuua watu 58. Humo mlikuwa na ufa kweli, umejificha kwenye maungio ya chuma. Massachusetts ikatunga sheria ya boila mwaka 1907, na mwaka 1915 wahandisi wa mitambo wa Marekani wakachapisha kanuni zao.

Boila nyingi za nyumbani huzungusha maji, si mvuke. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 za Selsiasi, huongezeka karibu sehemu 3 kwa 100, na hayakubali kubanwa. Kwa hiyo huwekwa tangi dogo lenye hewa, ili maji yapate pa kutanukia. Katika nyumba ya kawaida, presha ya maji baridi huwa kama pauni 12 kwa inchi ya mraba, na vali hufunguka ikifika 30. Tangi likiharibika, presha hupanda kila moto unapowaka, na vali hudondosha.

Tangi la mwenyeji wangu lilikuwa limejaa maji, halina hewa. Fundi alilibadilisha, na matone yakakoma bila kizibo.

Leo Rexdale, hapa hapa Etobicoke, ndiko yaliko makao makuu ya CSA, ambayo alama yake mnaiona kwenye vyombo vingi vya nyumbani. Fundi wa gesi Ontario lazima awe na cheti cha TSSA, mwombeni awaonyeshe. Vali ikidondosha, zimeni boila, mwiteni fundi huyo, na kizibo kibaki kwenye sanduku la vifaa.