Macho na Ulimi: Sulochana kutoka Filamu Bubu hadi Filamu za Sauti

Wanahistoria wengi wa sinema husimulia ujio wa sauti kama kaburi la waigizaji wa filamu bubu. Makala haya yanadai kwamba simulizi hiyo, ikipimwa kwa mfano wa Sulochana wa India, ina ukweli nusu. Kilichotiwa mtihanini mwaka 1931 hakikuwa ufundi wake wa kuigiza, bali uwezo wake wa kusema kwa lugha ya hadhira yake.

Ruby Myers alizaliwa Pune mwaka 1907 katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Baghdad. Alikuwa karani wa simu Mohan Bhavnani alipomshawishi ajiunge na kampuni ya filamu ya Kohinoor. Ni kinaya kwamba mtu aliyekula jasho la sauti yake alipata umaarufu katika sanaa isiyokuwa na sauti. Jina lake la usanii lenyewe lina asili ya Kisanskriti, na maana yake ni mwenye macho mazuri. Katika Wildcat of Bombay (1927) aliigiza nafasi nane, za kiume na za kike. Ukimya ndio uliowezesha jambo hilo: maandishi yaliyopachikwa baina ya picha yaliandikwa kwa lugha kadhaa, na kila mtazamaji alimvisha mhusika lafudhi ya kwao.

Tarehe 14 Machi 1931, Alam Ara ya Ardeshir Irani ilionyeshwa Bombay, Zubeida akiwa mwigizaji mkuu wa kike. Sasa mwigizaji alitakiwa kumudu Kihindustani, lugha ambayo Sulochana hakuiweza vyema. Aliacha kuigiza kwa takriban mwaka mmoja ili ajifunze. Aliporejea, aliigiza upya filamu zilizompa sifa: Madhuri (1928) ikarudiwa mwaka 1932, Indira B.A. (1929) ikawa Indira M.A. mwaka 1934, na Anarkali (1928) ikarudiwa mwaka 1935. Hatuna budi kuuona urudiaji huu kuwa zaidi ya biashara. Mhusika Indira amepandishwa shahada. Naye mwigizaji, kwa namna yake, alikuwa ametoka darasani.

Yafaa pia kuzingatia mbinu za utengenezaji. Katika filamu za mwanzo za sauti waigizaji waliimba wenyewe mbele ya kamera, na nyimbo ndizo zilizokuwa mhimili wa filamu hizo. Mwili na sauti vilipaswa kuwa vya mtu mmoja. Mwaka 1935 filamu za India zilianza kutumia sauti za waimbaji wengine. Muungano huo ukavunjika, na uso ukaweza tena kuazima ulimi. Lakini afueni hiyo ilimfikia Sulochana wakati nyota yake ikififia.

Anarkali ilipotengenezwa tena mwaka 1953, Sulochana alicheza mama yake Salim, si tena mchezaji ngoma anayependwa na mwana huyo wa mfalme. Mwaka 1973 alitunukiwa Tuzo ya Dadasaheb Phalke. Filamu nyingi za enzi yake ya ukimya zimepotea, na hasara hiyo inampa mhakiki jukumu zito: asiichukue sauti iliyohifadhiwa kuwa ndiyo kipimo pekee cha msanii ambaye hoja yake ya kwanza ilikuwa macho.