Nani Anakunywa Mvuke?

Chewele, huku Tana River, jua halina adabu. Kabla ya stima, maji baridi yalitoka mtungini. Maji yanapenya udongo, yanatokeza nje kama jasho, upepo mkavu unayanywa, na yakienda yanaondoka na joto. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini naona nusu ya historia ya friji imo humo: maji hupoza yakipata wa kuyanywa.

Mtungi hutegemea hewa. Siku za mvua hewa imeshashiba, haina kiu. Mwaka 1810, John Leslie wa Edinburgh aliamua kuitoa hewa kabisa. Kwenye chombo kisicho na hewa aliweka maji na tindikali ya salfa. Tindikali ikanywa mvuke, maji yakapoa mpaka yakaganda. Baadaye Edmond Carré, Mfaransa, akaunda mashine kwa njia hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba maji yakifika nyuzi 0 yanaganda, kazi inakwama. Mwaka 1859 nduguye, Ferdinand, akaipa amonia kazi ya kupoza. Maji yakashushwa cheo, yakawa ya kunywa amonia. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Sweden, von Platen na Munters, wakaondoa pampu. Ikabaki joto tu. Ndiyo friji ya mafuta taa. Mpango wa chanjo wa Kenya ulipoanza 1980, zahanati nyingi zisizo na stima ziliitegemea: unawasha moto upate baridi. Mafuta yakiisha, chanjo za watoto ziko hatarini.

Sasa sikia. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi huharibika zikiganda. Hapo ile kasoro ya maji ingekuwa sifa. Na maji yalisharudishiwa cheo: tangu miaka ya 1940 kuna mashine ambazo chumvi ya lithiamu bromidi hunywa mvuke wake. Ndani hakuna hewa, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 5 hivi. Joto, hata la jua, hukausha chumvi irudi kazini.

Ila nyingi zimejengwa kupoza majumba makubwa. Tena lazima zitupe joto nje, na nje ya Chewele kwenyewe ni moto. Kuzifanya zitoshe zahanati ya vyumba viwili si rahisi. Lakini jua la kukausha chumvi tunalo karibu mwaka mzima. Wewe unayesoma uhandisi, kazi ndiyo hiyo.