Kabla Sijaenda Rungwa

Jamani, likizo imepatikana. Siku saba tu, na mhariri kanikumbusha mara mbili kwamba saba si nane. Nakwenda Rungwa, kwao babu, kufuatilia jambo ambalo nyumbani kwetu limesimuliwa vilevile tangu nikiwa mdogo: kwamba babu wa babu yangu alitoka Unyanyembe na Nyungu ya Mawe.

Mzee wangu akilisema hilo hukaa wima kitini. Nami nilikua najivuna nalo, mpaka nilipofika chuo kikuu nikasoma huyo Nyungu alikuwa nani. Alikuwa mtu wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe. Baada ya mtemi Mnywa Sere kuuawa mwaka 1865 alijitenga, akakusanya ruga-ruga, akashuka kusini na kuiteka Ukimbu. Wakimbu walikuwa na utemi mdogo mdogo zaidi ya 30, kila mmoja na pori lake, asali yake na pembe zake za ndovu. Nyungu akawawekea wasimamizi wake, na pembe zikawa zinakwenda Kiwele, makao yake makuu. Alipofariki mwaka 1884 akarithiwa na binti yake, Mgalula. (Wale wanaosema wanawake hawakutawala huku bara, mpo?)

Sasa basi, ndugu msomaji, "kutoka na Nyungu" maana yake nini? Miongoni mwa ruga-ruga walikuwamo mateka na vijana waliokimbia makwao. Huenda babu alikuja na bunduki begani. Huenda alikuja amefungwa. Na huenda alikuwa Mkimbu aliyekutwa palepale, ila wajukuu wakaona heri kuhesabiwa upande wa aliyeshinda.

Nimeanza na karatasi. Kitabu cha padre Aylward Shorter kuhusu utemi wa Wakimbu, kilichotoka mwaka 1972, nimekimaliza. Ni kazi kubwa, maana aliwasikiliza wazee wenyewe, lakini kinahusu watemi, na sisi hatukuwa watemi. Kwenye Nyaraka za Taifa hapa Dar nilipoteza siku nzima kwa ujinga wangu, nikiomba majalada ya Manyoni peke yake. Wakoloni waliikata Ukimbu vipande: huku Tabora, huku Manyoni, kule Chunya. Anayewatafuta Wakimbu lazima afungue kote.

Halafu kuna suala la kuhamahama. Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza waliwahamisha watu wa magharibi kwa sababu ya malale, wakawarundika kwenye makazi ya pamoja. Mwaka 1951 likatangazwa Pori la Akiba la Rungwa. Miaka ya 1970 vikaja vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo nikisema "kwetu Rungwa", ni Rungwa ipi? Kijiji nitakachoshukia, huko kusini mwa Itigi kwenye barabara ya Makongolosi, huenda kiko mbali na kaburi ninalolitafuta. Likiwa ndani ya pori la akiba, nitahitaji kibali cha TAWA, na kwa siku saba sijui.

Maswali nimeyaandika upya mara tatu. La kwanza lilikuwa, "Je, sisi tulikuwa watumwa?" Nimelifuta. Mwandishi wa habari anaweza kumuuliza waziri hivyo, si bibi yake. Nitaanza na mizinga ya nyuki: ya nani ilitundikwa pori lipi, na nani aliirithi. Kisha miiko ya ukoo. Kisha makaburi.

Bibi ninayemwendea ni shangazi yake baba, wa mwisho kati ya ndugu zake aliye hai. Nimemnunulia khanga, sukari na betri za redio. Juzi nilimpigia simu. Baada ya shikamoo nikamuuliza, kama mchezo tu, iwapo ni kweli babu alitoka Unyanyembe na Nyungu.

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Hayo kakwambia baba yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Njoo, mjukuu wangu. Na usije naye."

Tiketi ya treni mpaka Dodoma ni ya Jumatatu asubuhi. Mzee bado hajui kama nimempigia.