Mnara wa marisaa

Mnara wa marisaa ni jengo refu lililotumika kutengenezea marisaa, yaani chembe za risasi za kuwindia ndege. Mbinu hiyo ilibuniwa na William Watts, fundi bomba wa Bristol, Uingereza, aliyepata hataza mwaka 1782.

Risasi iliyoyeyushwa, yenye aseniki kidogo, ilimiminwa kutoka juu kupitia chekeche. Matone yalijiviringa hewani, yakaanza kuganda, kisha yakatumbukia majini. Chembe kubwa zilihitaji kimo kirefu zaidi, kwa kuwa hupoa polepole.

Kasoro na uchambuzi

Kiasi cha aseniki kikikosewa, chembe zilitoka bapa au zenye mkia. Ili kuzitenga, ziliviringishwa kwenye ubao ulioinama: zilizo duara ziliruka pengo lililoachwa mwishoni, zilizopinda zikadondoka humo na kurudishwa kuyeyushwa. Zilizofaulu zilichekechwa tena ili kupangwa kwa ukubwa.

Minara iliyosalia

Mnara wa Phoenix mjini Baltimore, Marekani, uliojengwa mwaka 1828, una kimo cha mita 71 hivi. Ule wa Coop mjini Melbourne, Australia, wenye mita 50, sasa umo ndani ya jengo la maduka.