Kuteleza Si Kuanguka

Nilipohamia Lemara nilidhani meno ya kahawia ya jirani zangu yametokana na tumbaku. Kumbe ni floridi iliyomo katika maji ya Mlima Meru! Wengi waliyachukua kuwa majaliwa.

Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, hakukubali. Akifundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la mchanga na chembechembe ndogo mno zinazonasa sumu. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo Uingereza, pauni 25,000.

Je, angeshindwa tungemwitaje? Kule California aliyefilisika huhesabiwa amepata somo. Kwetu huchekwa, wala hakopesheki tena. Wabunifu tunao. Uvumilivu wetu ndio haba.