Milango ya Oxford haikufunguka yenyewe

Siku za likizo, mji wa Oxford hujaa familia. Wazazi na watoto hushuka kwenye treni asubuhi, huzunguka jengo la kuba la Radcliffe Camera lililokamilika mwaka 1749, hupanda ngazi za koleji ya Christ Church zilizoonekana katika filamu za Harry Potter, hula kwenye soko la Covered Market lililofunguliwa mwaka 1774, kisha humalizia siku kwenye mifupa ya dinosaria katika makumbusho ya viumbe. Kwa kuwa majengo ni makongwe, ni rahisi kudhani kwamba ukarimu huu nao ni mkongwe. Ushahidi wa historia unasema vingine. Sehemu nyingi ambazo familia huzifuata Oxford zilijengwa kwa ajili ya watu wasioruhusiwa kuwa na familia, na kwa karne nyingi zililindwa dhidi ya watu wa kawaida. Kilichozifungua hakikuwa umri wake wala hisani ya wasomi, bali sheria, reli na madai ya waliokuwa nje ya kuta, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika karne ya 19.

Majengo yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza. Merton, koleji ya Chuo Kikuu cha Oxford iliyoasisiwa mwaka 1264, ina mambo ambayo mgeni atayakuta tena na tena mjini: lango kubwa lenye bawabu, ukuta mnene upande wa barabara, ua wa ndani, kanisa na bwalo la chakula. Uzuri wote umeelekezwa ndani. Huo ni mpangilio wa jumuiya ya watu wa Kanisa, kwani ndivyo walivyohesabiwa walimu na wanafunzi wa Zama za Kati, na kwa hadhi hiyo walikuwa na mahakama na kinga ambazo muuza mkate wa mtaa wa pili hakuwa nazo. Mwaka 1209, baada ya mwanamke mmoja kuuawa mjini na wanafunzi kunyongwa kwa ajili yake, wasomi wengi walihama, na baadhi yao wakaweka msingi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Tarehe 10 Februari 1355, ugomvi kuhusu mvinyo mbaya katika kilabu cha Swindlestock, kwenye njia panda ya Carfax, uligeuka mapigano yaliyoua wanafunzi wapatao 63 na wenyeji wapatao 30. Mfalme Edward wa Tatu aliamua kwa kukipa chuo nguvu zaidi juu ya biashara ya mji, na meya na wenzake wakatakiwa kuhudhuria ibada ya toba kila mwaka na kulipa peni 63. Adhabu hiyo haikukoma hadi mwaka 1825.

Hata ndani ya kuta, ndoa ilikuwa marufuku kwa wengi. Mkuu wa koleji aliweza kuoa, lakini mwalimu wa kawaida aliyeoa alipoteza nafasi yake na pato lake. Safari ya mapumziko inayojulikana kuliko zote katika historia ya Oxford inauonyesha utaratibu huo vizuri. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu wa Christ Church, na rafiki yake Robinson Duckworth walipiga makasia kutoka daraja la Folly hadi Godstow wakiwa na mabinti watatu, Lorina, Alice na Edith Liddell. Hadithi ambayo Dodgson aliwasimulia ndani ya mashua ilitoka kama kitabu mwaka 1865, chini ya jina la kalamu la Lewis Carroll, na hadi leo watoto hupelekwa Oxford kuzifuata nyayo za Alice. Lakini watoto hao walikuwapo Christ Church kwa sababu baba yao, Henry Liddell, ndiye aliyekuwa mkuu. Dodgson mwenyewe angeoa angepoteza nafasi yake. Hadithi ya watoto inayouza mji huu duniani ilizaliwa kwenye tundu dogo la kanuni iliyowafungia watoto nje.

Mabadiliko yalipokuja, chuo kilijaribu kuyachelewesha. Reli ilifika mwaka 1844 baada ya upinzani mkali, na sheria iliyoiruhusu iliwapa maofisa wa chuo haki ya kukagua vituo na kuitaka kampuni ikatae kuwasafirisha wanafunzi hata kama wana tiketi. Mwaka 1871 Bunge lilipitisha sheria mbili zilizogusa maisha ya Oxford kwa njia tofauti: moja iliondoa masharti ya kidini yaliyowabana wasio Waanglikana, na nyingine, iliyoongozwa na John Lubbock, iliongeza sikukuu ambazo benki hufungwa, na wafanyakazi wengi wakapata siku ya kutembea na watoto wao. Sheria ya mwaka 1877 ikafungua njia kwa kanuni mpya zilizoruhusu walimu wengi kuoa, na mwaka huohuo walimu wa Oxford wakaanzisha shule ya Dragon kwa ajili ya wana wao. Wanawake walipata makazi yao ya masomo mwaka 1879, Somerville na Lady Margaret Hall, lakini walisubiri shahada hadi 1920, na koleji za wanaume hazikuanza kuwapokea hadi 1974.

Msomaji anayeifahamu Oxford anaweza kupinga kwamba Makumbusho ya Ashmolean yalifunguliwa kwa umma tangu mwaka 1683. Ni kweli, na ni jambo la heshima. Lakini yalikuwa ya kulipia, na tunajua jinsi baadhi ya wasomi walivyoupokea umma huo: Zacharias Conrad von Uffenbach, Mjerumani aliyefika mwaka 1710, alilalamika kuwakuta humo watu wa mashambani na wanawake wakishikashika vitu. Mlango mmoja uliofunguliwa kwa manung'uniko haufanyi mji mzima kuwa wazi.

Pingamizi zito zaidi ni la uhifadhi. Wapo wanaosema kwamba kuta hizo ndizo zilizookoa majengo, na kwamba mji ulio wazi kwa kila mtu ungebomolewa zamani. Hoja hii ina ukweli: jumuiya tajiri isiyokufa na isiyogawana urithi hutunza mali kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba inaficha aliyelipa gharama. Katika miaka ya 1860 kampuni ya reli ya Great Western ilipofikiria kujenga karakana ya mabehewa Oxford, wasomi walipinga, na kazi hizo zikaenda Swindon. Wenyeji walipata viwanda vikubwa baadaye sana, William Morris alipoanza kuunda magari huko Cowley mwaka 1913. Utulivu anaoufurahia mgeni ulinunuliwa kwa sehemu kwa ajira ambazo wengine hawakuzipata.

Kazi ya kufungua bado haijaisha. Ashmolean, makumbusho ya viumbe yaliyofunguliwa mwaka 1860 na yale ya Pitt Rivers yaliyoasisiwa mwaka 1884 sasa hayatozi kiingilio, ingawa Christ Church inauza tiketi. Pitt Rivers, hata hivyo, ina swali zito kuliko bei. Ujumbe wa Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya umefika huko kukagua vitu vya jamii yao, na kueleza kwamba baadhi ni urithi unaopita kutoka kizazi hadi kizazi, usiouzwa wala kutolewa zawadi. Kwa familia zilizopoteza vitu hivyo, kuingia bure hakutoshi. Zinataka sauti katika kuamua hatima yake. Dai hilo ni la aina moja na madai yaliyoleta sheria za 1871 na 1877. Mzazi anayempeleka mtoto Oxford akimweleza ni nani aliyezuiwa kwenye kila lango, na nani aliyelazimisha lifunguliwe, atakuwa amempa historia ya mji iliyo kamili kuliko orodha ya wafalme na wasanifu majengo.